Kukinga tumbo la gari kwa pesa ndogo: mwongozo kamili kwa njia za Unguja na Pemba

Watu wananijia na lalamiko lile lile. Wamenunua chuma kinene, fundi amekifunga chini ya gari, wamelipa, na bado sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imepasuka. Wengine sampu imesalimika, lakini baada ya masika mawili chesisi, fremu inayobeba gari, imeoza pale pale kinga ilipofungwa. Wote walichagua kwa unene wa chuma, na unene ni jambo la nne. Kabla yake yako matatu: bamba limeshikizwa wapi, limeacha nafasi gani kati yake na kile linachokikinga, na maji ya chumvi yanatokea wapi.

Mwongozo huu ni wa mwenye Escudo, Prado, Pajero, Jimny au RAV4 ya zamani, asiyeweza kuagiza seti ya kinga kutoka nje, na ambaye gari yake ni ya kazi. Anapita maweni ya Michamvi, Muyuni na Makunduchi, anashuka pwani kupakia viroba vya mwani, au anapanda vilima vya Pemba tope likiwa limefika magurudumuni. Fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza kukutengenezea kinga nzuri kwa chuma cha kawaida, ukijua la kumwambia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jeki imara, stendi mbili za kubebea gari, na vipande viwili vya ubao mpana wa kuweka chini yake. Ardhi yetu ni ya mchanga, na jeki huzama.
- Brashi ya waya, sabuni, maji baridi ya bomba, na oili ya kulegezea nati zilizoshika kutu.
- Rangi nyeupe ya maji ya ukutani, kopo dogo kabisa, na brashi kuukuu.
- Boksi kubwa la karatasi ngumu, la friji likipatikana, mkasi, kalamu ya wino mzito na utepe wa kupimia.
- Kipande cha ubao chenye unene wa milimita 25. Hiki ndicho kipimo chako cha nafasi.
- Sumaku ndogo.
- Bolti mpya za M10 au M8 (unene wa milimita 10 au 8) kulingana na matundu ya gari yako, zenye alama 8.8 ya uimara kichwani, pamoja na washa pana.
- Vipande vifupi vya bomba la chuma, urefu wa sentimita 1 hadi 2, vya kuweka kati ya bamba na chesisi.
- Rangi ya kuzuia kutu na rangi ya juu, nusu lita kila moja inatosha.

Bamba lenyewe usinunue bado. Utalinunua hatua ya tatu, ukishajua unakinga nini.

## Hatua ya 1: Jua gari yako inagonga wapi

Ingia chini ya gari na brashi. Inyanyue kwa jeki, iweke juu ya stendi, itikise kwa mikono yote miwili kabla hujaingiza kichwa. Jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika moja. Gari ikiteleza juu ya mchanga hutapata muda wa kutoka.

Osha, sugua, acha ikauke. Kisha paka ile rangi nyeupe ya ukutani sehemu zote zinazoning'inia: sampu, boriti inayokatisha chesisi mbele, gia boksi, transfa (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), tangi la mafuta, difu (boksi la gia lililo kwenye ekseli), na mikono ya chini ya magurudumu. Ekzosi iache. Endesha gari wiki nzima kwenye njia zako za kila siku, na mzigo wako wa kila siku, kwa sababu gari tupu na gari yenye abiria sita haziko kwenye kimo kimoja.

Rudi chini uangalie. Pale rangi ilipofutika ndipo gari inapogonga. Watu wengi hushangaa hapa. Mtu anaapa kwamba shida yake ni sampu, kumbe sampu bado nyeupe pe, na boriti ya gia boksi imekwanguliwa hadi chuma kinang'aa.

Chokaa usitumie, ingawa ipo kila mahali na ni rahisi. Chokaa hula aluminiamu, na gari nyingi zina sampu au gia boksi ya aluminiamu. Kujua yako ni ipi, weka sumaku: ikishika ni chuma, isiposhika ni aluminiamu. Andika jibu, maana linabadilisha hatari. Sampu ya aluminiamu ikipigwa hupasuka na oili humwagika papo hapo. Sampu ya chuma hubonyea, na huo mbonyeo una hatari yake ya kimyakimya: ndani ya sampu, karibu kabisa na sakafu, kuna chujio ambalo injini hunyonyea oili. Sakafu ikipanda ikalisogelea, injini hukosa oili bila tone moja kudondoka nje.

Umefanikiwa ukiweza kuonyesha kwa kidole sehemu mbili au tatu, si zaidi, zinazoguswa kweli.

### Kabla hujatoa shilingi: kimo cha gari

Ukiona kila kitu kimekwanguliwa, tatizo la kwanza huenda ni springi zilizochoka. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa chini kwa sentimita mbili au tatu, tengeneza springi kwanza. Kukinga gari iliyolala ni kuipa mzigo mwingine ilale zaidi.

## Hatua ya 2: Panga nani akingwe kwanza

Kwa pesa ndogo huwezi kukinga kila kitu, na kwa kweli hupaswi. Mpangilio wangu ni huu: sampu na bolti yake ya kumwagia oili; kisha sampu ya gia boksi ikiwa gari ni ya otomatiki; kisha transfa; kisha tangi la mafuta, na mwisho mabomba ya breki na ya mafuta yanayopita chini.

Gari zenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, kama Prado, Pajero na Escudo, zina difu ya mbele iliyofungwa jirani na sampu, kwa hiyo bamba moja zuri linaweza kufunika vyote viwili. Jimny ni nyingine. Ekseli yake ya mbele ni moja nzima, na difu yake ya chuma cha kalibu ndiyo inayotangulia kukutana na jiwe, nayo ni ngumu. Mwenye Jimny atazame transfa na vishikio vya chini vya shokapu kabla ya kufikiria injini.

RAV4 haina chesisi ya ngazi. Bodi na fremu ni kitu kimoja, na injini imebebwa na fremu ndogo mbele. Hapo uzito ni adui, nitaeleza hatua ya nne.

Onyo: ekzosi usiifunike, hasa lile pipa lenye masega linalosafisha moshi. Linafika moto mkali sana, na majani makavu yakinaswa kati yake na bamba yanaweza kuwaka. Mwanzoni mwa mwaka, nyasi za uwandani zinapokauka, jambo hili si la kufikirika tu.

## Hatua ya 3: Chagua chuma, kisha unene

Chuma cha kawaida cha bamba bapa kinatosha. Uzito wake ni rahisi kukadiria: mita moja ya mraba yenye unene wa milimita 1 ina kilo 7.85. Bamba la sampu lenye sentimita 70 kwa 80 likiwa na milimita 3 lina kilo 13 na kidogo. La milimita 4 ni kilo 17 na nusu. La milimita 6 ni kilo 26. Beba kiroba cha kilo 25 cha mchele uone ndicho unachotaka kuning'iniza kwenye pua ya gari kila siku.

Kwa gari ya chesisi, chukua milimita 4. Kwa RAV4, milimita 3. Ugumu wa bamba kupinda hukua haraka kuliko unene: la 4 ni gumu zaidi ya mara mbili ya la 3, na kingo zikikunjwa kwenda juu linakuwa gumu zaidi bila kuongeza kilo hata moja. Kwa hiyo pesa ya kutoka milimita 4 kwenda 6 mpe fundi akukunjie kingo vizuri.

Aluminiamu ni nyepesi karibu mara tatu, na haishiki kutu nyekundu, lakini kwa bajeti ndogo visiwani siipendekezi. Jiwe la matumbawe lina meno, na aluminiamu huchimbika na kunasa pale ambapo chuma huteleza. Zaidi ya hilo, aluminiamu ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, aluminiamu huliwa kuzunguka kila bolti. Chuma cha pua nacho ni ghali, na kwenye chumvi kinaweza kuharakisha kutu ya chesisi pale vinapogusana.

Cheka pleti, lile bamba lenye vinundu, watu wanaipenda kwa sura. Vinundu vyake vikitazama chini hunasa mawe. Vikitazama juu hushika tope na maji. Bapa ni bora.

### Njia tatu za kupunguza gharama

Mkiwa watatu, nunueni shiti moja ya futi 8 kwa 4 ya milimita 4. Ina kilo 93 hivi. Inatoa mabamba matatu ya sampu ya sentimita 70 kwa 80, na ukanda unaobaki, wenye upana wa karibu sentimita 50, unatoa mabamba matatu ya transfa. Hakuna kinachotupwa.

Au muulize fundi vipande vilivyobaki kwenye kazi za mageti na matangi. Kataa kipande chenye vishimo vya kutu. Kutu ya juujuu husuguliwa ikatoka, vishimo havitoki.

Ya tatu ni bamba la kiwandani la mtumba, kwenye maduka ya spea za Japani. Likikuja kwenye aina yako hasa, linashinda la kutengeneza. Lakini usilinunue kwa macho. Nenda na kielelezo cha boksi cha hatua ya tano, ulinganishe tundu kwa tundu. Na tofautisha bamba la chuma na ile plastiki nyeusi ya chini ambayo gari nyingi huja nayo. Plastiki ile huzuia maji yasirukie mikanda na waya, haizuii jiwe. Ikiwa ipo, iache mahali pake kama nafasi inaruhusu.

## Hatua ya 4: Tafuta pa kushikia

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nililetewa Escudo kutoka upande wa Bwejuu, ina bamba la milimita 6, zito, limepakwa rangi nzuri. Sampu ilikuwa imepasuka kuzunguka bolti ya kumwagia oili. Nililitoa bamba nikaligeuza mara mbili: mkwaruzo mmoja tu, wala halikupinda. Bolti zake za mbele zilikuwa zimefungwa kwenye bati jembamba linaloshika rejeta. Jiwe lilipopiga, bati likakunjika, bamba zima likarudi nyuma na juu kama lilivyo, na kichwa cha bolti ya oili kikawa kama patasi kati ya vyuma viwili. Kati ya bamba na bolti hiyo palikuwa na nafasi isiyozidi upana wa penseli. Chuma kilikuwa kizima, gari ikafa.

Kwa hiyo tafuta pointi nne angalau, mbili mbele na mbili nyuma, zote kwenye chesisi yenyewe au kwenye boriti nene inayoikatisha. Gari nyingi zina matundu ya kiwandani yenye nati ndani. Yamejaa tope na kutu, ndiyo maana hayaonekani. Safisha kwa brashi, weka oili ya kulegeza, acha usiku mmoja, kisha ingiza bolti kwa vidole. Ikikataa usilazimishe kwa spana. Mpe fundi apitishe tepu ya kuchonga nyuzi. Bolti ikikatikia ndani ya chesisi itakugharimu kuliko bamba zima.

Mahali pa kutofungia kabisa:

- Bati la rejeta na bampa.
- Injini na gia boksi. Hivi hukaa juu ya mipira na hutembea. Bamba likivishika, mtetemo wote unaingia ndani na mipira hukatika.
- Bolti za mikono ya magurudumu na za stelingi. Ukizigusa unaharibu mpangilio wa magurudumu.

Matundu yakikosekana, mwambie fundi atengeneze kishikio kinachokumbatia boriti na kubanwa kwa bolti. Usitoboe chesisi wala usichomelee chochote juu yake. Tundu jipya ni mlango wa kutu, na ndani ya chesisi au nyuma yake kunaweza kupita waya au bomba la breki. Kwenye RAV4 tumia fremu ndogo ya injini na matundu yake ya kiwandani tu, na bamba liwe jepesi, kwa sababu hapo hakuna chesisi ya kubeba kishindo.

Umefanikiwa bolti nne zikiingia kwa vidole hadi mwisho, na ukizivuta kwa nguvu hakuna kinachocheza.

## Hatua ya 5: Kata kielelezo cha boksi

Fundi wa kuchomelea hawezi kukisia umbo la chini ya gari yako akiwa amesimama. Mpelekee boksi lililokatwa.

Shikilia boksi chini ya gari, litoboe kwenye zile pointi nne, lifunge kwa bolti. Kabla ya hapo paka grisi nzito kichwani mwa bolti ya kumwagia oili na chini ya filta ya oili. Sukuma boksi juu hadi liguse. Ukilitoa, alama za grisi ziko pale pale matundu yanapotakiwa. Kwa njia hii sijawahi kukosea tundu, na haihitaji kipimo chochote.

Sasa tumia ule ubao wa milimita 25. Uingie kwa urahisi kati ya boksi na kila kitu kilicho juu yake, hasa bolti ya oili. Usipoingia, utahitaji vile vipande vya bomba kulishusha bamba. Nafasi hii ndiyo inayomeza kishindo, kwa kuwa bamba lolote hubonyea linapobeba gari juu ya jiwe. Lakini usizidishe: kila sentimita unayoshusha ni sentimita uliyoipoteza kwenye kimo.

Itikise injini kwa mikono uone inasogea kiasi gani. Wala usikae chini gari ikiwa imewashwa kwa ajili ya kupima.

## Hatua ya 6: Maagizo kwa fundi wa kuchomelea

Mpe boksi, kisha mwambie haya, moja baada ya jingine.

Mikunjo. Ukingo wa mbele uinuke kwenda juu kwa mteremko, kama omo ya ngalawa, ili jiwe lipokelewe na kuteleza nyuma. Pembeni kukunjwe juu sentimita 3 au 4. Ukingo wa nyuma nao uinuliwe kidogo, kwa ajili ya siku utakayorudi nyuma kutoka kwenye mwamba. Asiyekuwa na mashine ya kukunjia achore mstari, aukwangue kwa grainda hadi karibu nusu ya unene, akunje, kisha ajaze ule mfereji kwa kuchomelea urefu wote.

Matundu ya kazi. Chini ya bolti ya oili, tundu la sentimita 6 au 7. Chini ya filta, liwe na upana wa kupitisha filta na vidole. Usipoweka matundu haya, kila kubadilisha oili ni kufungua bamba, na baada ya mara mbili utaliacha nyumbani.

Matundu ya maji. Kwenye pembe za chini kabisa za bamba, bamba likiwa limefungwa, yawe manne au matano ya sentimita 2. Kwa Pemba yafanye marefu, sentimita 2 kwa 6. Tope la udongo mwekundu wa kule haliponyoki kwenye tundu dogo. Hujaa juu ya bamba, likakauka na kuwa tofali linaloweka unyevu kwenye chesisi mwezi mzima.

Matundu ya bolti. Yawe ya mviringo mrefu, milimita 12 kwa 18 kwa bolti ya M10, upate nafasi ya kurekebisha. Yale mawili ya mbele yawe na umbo la tundu la ufunguo, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili. Hivyo bamba linatundikwa mbele kwanza, na mtu mmoja anaweza kulifunga bila msaidizi.

Vichwa vya bolti. Visijitokeze. Maweni husaga kichwa cha bolti kikawa kama kokwa ya tende, na hapo hakuna spana itakayoshika. Achomelee pete ya chuma kuzunguka kila tundu, upande wa chini, irefuke kuliko kichwa kwa milimita 2 au 3, na nafasi ndani yake itoshe spana ya boksi.

Ukitengeneza na bamba la transfa, ukingo wa nyuma wa bamba la kwanza upite chini ya ukingo wa mbele wa la pili. Ukigeuza, kila jiwe litakuta ukingo ulio wazi na kuuvuta.

Onyo: kazi yote ya kuchomelea ifanyike bamba likiwa limetolewa, mbali na gari. Umeme wa kuchomelea unaweza kuua kompyuta ya gari, na cheche chini ya tangi la mafuta hazihitaji maelezo.

## Hatua ya 7: Rangi

Sugua hadi chuma kiwe cheupe, futa mafuta, paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili na ya juu mara mbili. Zingatia kingo zilizokatwa na ndani ya matundu, kwa kuwa kutu huanzia hapo. Upande wa chini utakwanguka wiki ya kwanza, usihuzunike. Upande wa juu ndio unaoficha chumvi, na huo upakwe kwa subira.

## Hatua ya 8: Funga

Tundika mbele, weka vipande vya bomba mahali pake, ingiza bolti zote nne kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi ili zifunguke mwakani. Kwa bolti ya M10 yenye grisi, kaza hadi karibu 35 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukazia). M8 karibu 20. Usiyekuwa na spana ya kupimia, kaza kwa mkono mmoja na spana ya kawaida, bila kuongeza bomba la kurefushia.

Halafu kuna hili la mpira. Mafundi wengi hukata ukanda wa tyubu kuukuu wakauweka kati ya bamba na chesisi ili lisipige kelele. Wanafanya kwa nia njema. Nilifungua bamba la namna hiyo kwenye gari iliyokuwa ikipakia mwani Jambiani. Tyubu ilikuwa imeshikana na chesisi kama kovu. Nilipoibandua ilitoka na maganda ya chuma, matabaka kwa matabaka, na ndani bado palikuwa na unyevu ingawa gari ilikuwa imelala siku tatu juani. Nilisukuma bisibisi kwa kidole gumba ikazama ndani ya chesisi hadi mpini. Mwenye gari alisimama akaitazama, hakusema kitu. Bamba lake halikuwa na kosa lolote.

Mpira hunasa maji ya chumvi kati yake na chuma na kuyashikilia. Vile vipande vya bomba huacha hewa ipite. Kelele ikizidi, tatizo ni bolti au bamba linagusa kitu, lisogeze.

Umefanikiwa ubao wa milimita 25 bado ukiingia, bamba halichezi ukilipiga ngumi, na unaweza kulifungua na kulirudisha peke yako.

## Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kuliamini

Toka Mjini hadi Paje, karibu kilomita 50, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, mchana. Tazama mshale wa joto. Ukipanda kuliko zamani, bamba limeziba njia ya hewa moto kutoka chini ya injini. Ongeza matundu upande wa nyuma. Ukifika, nusa. Harufu ya rangi kuungua siku ya kwanza ni kawaida ikiwa ni hafifu na ikaisha. Harufu ya mpira au plastiki si kawaida, angalia kama bamba liko karibu na ekzosi.

Baada ya kilomita 100 hivi, kaza bolti zote tena. Bamba jipya hujipanga, na bolti hulegea mara hii ya kwanza.

Kisha pita njia yako mbaya, polepole. Ukisikia gari imepiga chini, simama utazame kama oili inadondoka. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo, hata kama ni porini na magharibi imeingia. Ile Escudo ya Bwejuu ingehitaji sampu tu. Dereva alitaka kufika kijijini kwanza, na injini ikakwama kabla hajafika.

## Matunzo

Kila ukitoka pwani, siku hiyo hiyo, elekeza maji baridi ya bomba kutoka juu, ndani ya bamba, hadi yatoke chini yakiwa hayana mchanga. Kunyunyizia upande wa chini pekee hakusaidii. Kipindi cha maji bamvu, bahari inapopanda hadi kwenye njia za pwani, fanya hivyo hata kama ulipita kwenye majimaji kidogo tu. Kwa wanaokaa upande wa mashariki, kusi ikivuma chumvi hufika chini ya gari iliyolala uani, kwa hiyo suuza walau mara moja kwa wiki.

Msipake oili chafu ya injini chini ya gari. Najua ni mazoea ya wengi. Inaozesha mipira ya bushi, inakusanya mchanga, inadondoka ardhini tunapochimba visima, na ikifika kwenye ekzosi inaweza kushika moto. Grisi kwenye nyuzi za bolti na rangi kwenye chuma vinatosha.

Mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, lifungue bamba kabisa. Toa tope, sugua kutu mpya, paka rangi palipokwanguka. Kabla ya kulirudisha, gongagonga chesisi kwa mpini wa bisibisi kuzunguka kila pointi ya kufungia, usikilize. Chuma kizima hulia. Kilichoanza kuoza hutoa mlio mzito, mfu. Ukiusikia, acha bamba chini na umwone fundi wa chesisi kwanza.